Paa la Nyumba na Afya ya Mtoto: Makuti, Mabati au Vigae vya Lami?

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala lishe. Leo tutainua macho, tutazame paa la nyumba.

Huenda ukauliza, "Paa na afya vina uhusiano gani? Hayo si mambo ya fundi na baba watoto?" Hapana, mama. Fundi akimaliza hulipwa akaenda zake, na baba hushinda kazini. Anayekaa chini ya lile paa mchana kutwa ni wewe, mtoto wako mchanga, na labda nyanya aliye mgonjwa. Joto likishuka, lawashukia nyinyi. Mvua ikivuja, godoro linalolowa ni lenu. Kwa hivyo siku ya kuchagua paa, mama naye awe na la kusema.

Tuchukue mfano. Kuna mama anaishi Mtongwe, kule Likoni, ana mtoto wa miezi minne. Nyumba yake imeezekwa makuti, nayo yamechakaa. Mvua za mwaka uliopita alihamisha kitanda mara tatu usiku mmoja. Sasa ni mwezi wa Februari, masika yanakaribia, na familia imekusanya pesa kidogo. Mume ataka mabati. Mama mkwe asema makuti ndiyo yenye ubaridi, na watoto wake wote aliwalea chini ya makuti. Kisha shemeji aliye Marekani anapiga simu: "Huku nyumba nyingi zimeezekwa vigae vya lami. Wekeni hivyo, mabati achaneni nayo."

Je, nani ana haki kati ya hao watatu? Tutawasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, kisha tutarudi Mtongwe tuone mama yule afanye nini.

KAZI ZA PAA

Kabla ya kulinganisha, tukumbuke paa lina kazi gani. Kwanza, lizuie mvua. Pili, lizuie joto la jua. Tatu, liache hewa ipite, lakini mbu wasipite. Nne, hapa kwetu ambapo maji ya mfereji hukatika kila mara, lisaidie kukinga maji ya mvua. Na tano, lenyewe lisiwe chanzo cha ugonjwa au ajali. Hakuna paa linaloshinda katika yote matano. Kila moja lina faida zake na hasara zake.

MAKUTI

Mama mkwe hakukosea. Makuti ni mazito na yamejaa hewa katikati, kwa hivyo joto la jua halipenyi upesi. Moshi na hewa moto hupata njia ya kutokea. Mvua ikinyesha hakuna kelele, mtoto analala. Tena yanapatikana papa hapa Pwani, na pesa zake hubaki kwa majirani wanaoyasuka.

Hasara zake nazo ni hizi. Makuti huchakaa baada ya miaka michache, hasa fundi akiyapanga mbali mbali au mteremko wa paa ukiwa mdogo. Panya, mende na wadudu wengine hupenda kujificha humo. Maji yanayotiririka kutoka kwenye makuti huwa na rangi ya chai na uchafu, hayafai kunywa. Na hatari kubwa kuliko zote ni moto. Cheche moja ya jiko au waya mmoja wa stima uliochunika watosha. Pale nyumba zinapokaribiana, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Likoni na Kisauni, moto wa nyumba moja huruka hadi ya pili na ya tatu kabla watu hawajatoa watoto. Ukibaki na makuti, jiko liwe nje, na mshumaa au kibatari kisiachwe kikiwaka mtu amelala.

MABATI

Mume naye ana hoja. Bati halishiki moto kama makuti. Likipigiliwa vizuri kwa misumari yenye kofia, halivuji kwa miaka mingi. Laweza kukinga maji safi. Na kuna jambo lingine ambalo wengi hatulijui: watafiti waliochunguza nyumba nchini Gambia walieleza mwaka 2019 kwamba mbu wa malaria hufa wengi zaidi katika nyumba za mabati kuliko za nyasi, kwa sababu ya joto la mchana.

Lakini mama, joto linaloua mbu ndilo hilo linalomsumbua mtoto. Bati ni jembamba. Jua la kaskazi likilipiga, huwaka moto hata mkono hauwezi kuligusa, na joto hilo hushuka moja kwa moja kitandani. Mwezi wa Machi joto la nje Mombasa hufika nyuzi 32 au 33. Chumbani chini ya bati lisilo na dari, dirisha dogo limefungwa, joto hupita hapo, nayo unyevu wa bahari hufanya jasho lisikauke. Ndipo unapoona mtoto ana harara shingoni na kwapani, analia, anakataa kunyonya. Mama mjamzito pia huumia, kwani joto kali huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati.

Hasara ya pili ni kutu. Upepo wa chumvi hula mabati upesi. Ukienda dukani uliza geji. Kumbuka namba ikiwa ndogo bati ni nene zaidi: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 32 ni jembamba zaidi. Bati la bei rahisi sana karibu na bahari laweza kukulazimisha kuezeka tena mapema.

Kuna faida moja inayowahusu wengi wetu bara hii ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Watu wengi wana nyumba, lakini ardhi si yao. Hulipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe. Siku ukiambiwa uhame, bati lang'olewa na kuezekwa kwingine.

VIGAE VYA LAMI

Sasa tumsikilize shemeji wa Marekani. Vigae anavyosema ni vipande vyembamba na vyepesi kuliko vigae vya udongo. Ndani vina kitambaa cha nyuzi za kioo, kimepakwa lami ya aina inayofanana na ile ya barabarani, na juu vimenyunyiziwa chembe ndogo za mawe zenye rangi. Vilianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na huko ndivyo vinavyoezekwa kwenye nyumba nyingi za watu wa kawaida. Hapa Kenya navyo vinauzwa, na vinaonekana juu ya baadhi ya nyumba mpya.

Faida zake: havipati kutu hata karibu na bahari. Mvua ikinyesha havina kelele kama bati. Vinapendeza kwa macho. Kipande kikiharibika, fundi anayejua kazi hubadilisha hicho peke yake.

Hasara zake ndizo hizi, na shemeji huenda hakuzisema. Kwanza, kigae cha lami hakiwezi kujishikilia chenyewe juu ya mbao chache kama bati. Lazima paa lote lifunikwe kwanza kwa plaiwudi, kisha karatasi maalum ya kuzuia maji, ndipo vigae vipigiliwe misumari. Kwa hivyo unanunua paa mara mbili, na gharama hupanda. Pili, plaiwudi isipopata hewa, unyevu wa Pwani huiozesha na kuleta ukungu, na ukungu ni adui wa mtoto mwenye pumu. Tatu, vigae vya rangi nyeusi au kahawia hunyonya jua na kukaa na joto hadi jioni. Nne, maji ya paa la lami hayashauriwi kwa kunywa, kwa sababu huweza kubeba kemikali za lami. Tano, ardhi ikiwa si yako, vigae hivi vikishang'olewa ni taka, havihamishiki.

Msikilizaji, angalia jambo moja. Nyumba ya shemeji kule Marekani haitegemei vigae peke yake. Chini ya vigae kuna nafasi yenye matundu ya hewa, kuna tabaka nene la kuzuia joto na baridi, kisha kuna dari, na mara nyingi kuna mashine ya kupoza hewa. Kinachomkinga mtoto wake na joto ni vile vitu vyote vilivyo chini ya kigae. Sisi tukinunua kigae tu na kusahau vilivyo chini yake, tumenunua nusu.

Na vigae vya udongo je? Hivyo Mombasa ni vya zamani. Vingine vililetwa kutoka Mangalore, India, na bado vipo juu ya majumba ya kale. Havioti kutu na hudumu sana, lakini ni vizito. Vyataka kuta imara na mbao nyingi. Usiviweke juu ya kuta za udongo.

ONYO KUHUSU ASBESTO

Kuna paa moja ambalo halina mjadala. Nyumba nyingine za zamani zimeezekwa kwa asbesto. Ni vipande vya kijivu vyenye mawimbi, vinene kuliko bati, na ukivigonga havilii kama chuma. Nyuzi zake ndogo zisizoonekana kwa macho zikivutwa pumzi huleta saratani ya mapafu na magonjwa mengine, ambayo huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au 40. Tangu mwaka 2006 kanuni za taka nchini Kenya zinaiweka asbesto miongoni mwa taka za hatari.

Ukiwa na paa hilo, usiogope kupita kiasi. Likiwa zima, nyuzi hazitoki kwa wingi. Lakini usilikate, usilitoboe, usilisugue kwa brashi, wala usifagie vumbi lake kavu. Vipande vilivyovunjika visitumiwe kujengea banda la kuku wala kutandazwa njiani watoto wanapocheza. Likitaka kuondolewa, uliza ofisi ya NEMA nani ana kibali cha kuifanya kazi hiyo. Na mume au kijana akirudi kutoka kazi ya kubomoa paa kama hilo, nguo zake zisikung'utwe ndani. Wako wanawake ulimwenguni waliougua kwa kufua tu nguo za kazi za waume zao.

KILICHO CHINI YA PAA

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Nasi leo tuongeze: wala si paa peke yake. Ukichagua bati, na wengi wetu ndilo tutakaloliweza, haya ndiyo ya kuongeza ili nyumba isiwe tanuri:

Moja, weka dari. Si lazima iwe ya mbao za bei. Hata dari ya mikeka au majamvi yaliyopigiliwa vizuri, mbali na taa na nyaya za stima, hupunguza joto. Acha nafasi kati ya dari na bati.

Mbili, usizibe kabisa mwanya kati ya ukuta na paa. Hapo ndipo hewa moto inapotokea. Lakini hapo ndipo mbu wa malaria anapoingilia pia. Basi weka wavu wa waya: hewa ipite, mbu abaki nje. Na chandarua chenye dawa kiendelee kutumika.

Tatu, kila chumba cha kulala kiwe na njia mbili za hewa, dirisha huku na dirisha kule.

Nne, chagua bati la rangi nyeupe au ya kung'aa, au lipake rangi nyeupe upande wa juu. Rangi nyeupe hurudisha jua lilikotoka.

Tano, panda kivuli. Mwembe au mwarobaini upande wa magharibi huzuia jua la alasiri. Uwe mbali kidogo ili matawi na majani yasiangukie paa.

Sita, usipikie kwa makaa au kuni ndani ya chumba cha bati kilichofungwa. Moshi huo haupati pa kutokea kama kwenye makuti. Huleta nimonia kwa watoto, na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa laweza kuua watu usingizini.

MAJI YA MVUA

Hapa ndipo bati linapokulipa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, mvua ya milimita 10 ikinyesha, laweza kukupa lita 400. Hiyo ni mitungi 20 ya lita 20 ambayo hukununua kwa mwenye mkokoteni.

Lakini maji hayo yataka utaratibu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe paa. Maji ya dakika 10 au 15 za mwanzo yamwage. Gata ziwe safi. Gata zilizoziba majani na pipa lililo wazi ni kitalu cha mbu wanaouma mchana, wale wanaoeneza dengi na chikungunya. Mombasa tumeyaona magonjwa hayo: mlipuko wa chikungunya ulianza mwisho wa mwaka 2017 ukaendelea 2018, na dengi imerudi mara kadhaa. Funika pipa kwa kitambaa au wavu uliokazwa. Maji ya kunywa chemsha, au tia dawa ya klorini kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa.

Tena tazama jirani ya nyumba yako kuna nini. Wakaazi wa Owino Uhuru, kule Mikindani, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na madini ya risasi yakaingia katika hewa, udongo na miili ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Vumbi la namna hiyo hutua juu ya paa pia, na kuchemsha maji hakuondoi risasi. Anayeishi karibu na kiwanda cha aina hiyo asinywe maji ya paa.

MTOTO AKIZIDIWA NA JOTO

Hata nyumba ikiwa nzuri, siku za kaskazi zitakuja. Saa saba hadi saa kumi mchana, mtoe mtoto chumbani, mkae kivulini penye upepo. Mvue nguo nzito, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata siku ya joto. Maziwa yako yana maji ya kumtosha. Wewe mama ndiye unywe maji kwa wingi.

Ukiona utosi umebonyea, macho yameingia ndani, hakojoi kwa saa sita, amelegea, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana homa kali au degedege, usingoje jioni ipoe. Mpeleke hospitali mara moja: Port Reitz kwa walio Changamwe, hospitali ya Likoni, Mlaleo kwa watu wa Kisauni, au kituo kilicho karibu nawe. Njiani endelea kumnyonyesha ikiwa anaweza.

TURUDI MTONGWE

Basi yule mama afanye nini? Pesa za familia zatosha kitu kimoja katika viwili: ama paa la vigae vya lami bila chochote chini yake, ama mabati ya geji nzuri pamoja na dari, wavu, na gata upande mmoja. Ardhi si yao. Maji wananunua. Mtoto ana miezi minne. Ukiyaweka hayo yote kwenye mizani, bati na vifaa vyake ndilo zito. Na mama mkwe asivunjike moyo: yale makuti yaliyo mazima yaezekwe kibanda wazi uani, mbali na jiko, mjukuu ashinde hapo mchana.

Mwingine mwenye ardhi yake, maji ya kisima kizuri na pesa za kutosha kuweka plaiwudi, matundu ya hewa na dari, anaweza kuchagua vigae vya lami vya rangi nyeupe wala asijute. La muhimu ni moja: usimalize pesa zote juu ya paa ukasahau kilicho chini yake. Kabla fundi hajalipwa, muulize, "Joto litatokea wapi? Mbu atazuiwa na nini? Maji yataingia wapi?" Akikosa jibu, bado hajamaliza kukujengea.

Hadi hapo, mpendwa msikilizaji, tumefika mwisho wa kipindi cha leo. Zungumza na mwenzako leo jioni, kabla ya masika. Kwaheri ya kuonana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumba yako imeezekwa nini? Taja faida moja na hasara moja uliyoiona mwenyewe.
2. Saa nane mchana, mtoto wako huwa wapi? Pana hewa?
3. Ni nyumba ngapi katika mtaa wenu zina paa la asbesto lililovunjika? Mnaweza kumpa nani habari?
4. Kikundi chenu kikichanga pesa, mtaanza na nini: dari, wavu au gata? Kwa nini?